Gunia la Chai Linapojitaja: Mawimbi ya Redio Katika Maghala, Kutoka Kebirigo Hadi Mombasa

Mazungumzo ya leo yanahusu ghala, mahali ambapo mali ya mkulima hukaa kimya ikisubiri kuuzwa, na yanahusu pia namna mawimbi ya redio, yaani mawimbi ya aina ileile yanayoileta sauti hii masikioni mwa msikilizaji, yanavyoweza kutumiwa kuhesabu na kutambua kila mzigo uliomo ndani ya ghala hilo.

Huenda msikilizaji akauliza: ghala linamhusu nini mkulima mwenye vishina vyake vya chai katika kaunti ya Nyamira? Linamhusu sana, kwa sababu kiwanda cha chai cha Kebirigo, kama vilivyo viwanda vingine vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na shirika la KTDA, ni mali ya wakulima wenyewe kwa njia ya hisa, na chai iliyomo katika ghala la kiwanda hicho, au katika ghala la Mombasa ikisubiri mnada, bado ni mali yao mpaka mnunuzi ailipie. Bonasi ambayo familia nyingi huisubiri kila mwaka hutokana na chai hiyo, kwa hiyo gunia linalopotea, linalocheleweshwa au linalosahaulika nyuma ya magunia mengine ni sehemu ya karo ya shule na ya bati la nyumba.

Ni vyema kuifuata safari yenyewe. Mkulima huchuma majani mabichi, huyapeleka katika kituo cha kununulia, hupimiwa kwa mizani ya kielektroniki na kupewa risiti yenye uzito wake. Kuanzia hapo macho yake hayaioni tena chai yake. Majani huingia lorini, hufika kiwandani, hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine, huachwa yabadilike rangi na harufu, hukaushwa, huchekechwa kwa gredi kama BP1, PF1, PD na D1, kisha hujazwa katika magunia ya karatasi ngumu. Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Magunia hayo hulala kwanza katika ghala la kiwanda, kisha husafirishwa karibu kilomita 800 hadi Mombasa, ambako huingia katika ghala jingine na kusubiri mnada unaoendeshwa kila wiki chini ya Jumuiya ya Wafanyabiashara wa Chai ya Afrika Mashariki, na ambao huuza chai ya Kenya pamoja na ya nchi jirani kama Uganda na Rwanda.

Sasa na liulizwe swali hili: katika safari hiyo ndefu, gunia moja huhesabiwa mara ngapi? Huhesabiwa linapoingia ghala la kiwanda, linapopakiwa lorini, linaposhushwa Mombasa, linapopangwa, linapofunguliwa ili itolewe sampuli ya kuonjwa na madalali na wanunuzi, na linapotolewa kwa mnunuzi mwenye hati ya kutolea mzigo. Kila hesabu ni makabidhiano, na kila makabidhiano ni mlango ambao kosa linaweza kupitia.

Katika maghala mengi ya Afrika Mashariki, hesabu hiyo bado hufanywa kwa jicho na kalamu. Wapakizi hupita mmoja baada ya mwingine wakiwa na magunia mabegani, na karani aliyesimama mlangoni huchora vijiti vinne na kukata cha tano juu yake, huku vumbi la chai likielea hewani na dereva akihimiza kwa sababu safari ni ya usiku. Karani huyo anaweza kuwa mwaminifu na makini kabisa, lakini akigeuka kumjibu mtu swali moja, gunia moja linaweza kupita bila kijiti. Baadaye kule Mombasa idadi ikipungua, ubishi huanza: je, gunia lilibaki kiwandani, lilishushwa njiani, au halikuwahi kuwepo? Daftari haliwezi kujibu, kwa kuwa daftari lina vijiti tu, na vijiti havitofautishi gunia hili na lile.

Hapo ndipo teknolojia ya mada ya leo inapoingia. Huitwa kwa kifupi RFID, na kwa Kiswahili inaweza kuelezwa kuwa utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni lebo, ambayo ni kipande chembamba cha karatasi au plastiki chenye chipu ndogo kuliko punje ya wimbi, iliyounganishwa na antena ya utepe mwembamba wa madini, na ndani ya chipu hiyo mna namba ambayo hupewa lebo hiyo pekee. Ya pili ni kisomaji, yaani kifaa kinachorusha mawimbi ya redio na kusikiliza majibu, ambacho huweza kufungwa kwenye fremu ya mlango wa ghala au kushikwa mkononi. Ya tatu ni programu ya kompyuta, ambayo huipokea namba, huilinganisha na kumbukumbu, kisha husema kwamba namba hii ni gunia la PF1, lilijazwa tarehe fulani, na sasa limetoka kwa mlango wa pili likiingia lori fulani.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba lebo ya kawaida haina betri hata kidogo. Inawezaje basi kujibu? Mawimbi yanayotoka kwa kisomaji huibebea nguvu kidogo, ya kutosha kuiamsha chipu, na chipu hiyo hujibu kwa kubadilibadilisha namna antena yake inavyoyarudisha mawimbi yaleyale, kama mtoto anavyolikamata jua kwa kipande cha kioo na kulimulikisha ukutani, akikifunika na kukifunua kioo kwa mpangilio ambao mwenzake anauelewa. Mtoto hana taa, ila ana kioo. Vivyo hivyo lebo haina kituo chake cha redio, bali hutumia mawimbi ya mwingine kutaja namba yake. Wazo hilo la kuwasiliana kwa nguvu inayorudishwa lilielezwa na mhandisi Harry Stockman katika makala ya mwaka 1948, ingawa ilichukua miongo kadhaa kabla chipu hazijawa ndogo na rahisi kiasi cha kubandikwa kwenye mzigo.

Swali jingine lenye maana ni hili: ikiwa lebo mia moja zinapita mlangoni kwa pamoja na zote zinajibu, je, sauti zao hazitagongana? Zingegongana kama zisingekuwa na utaratibu. Kisomaji hutangaza nafasi kadhaa za kujibu, kila lebo hujichagulia nafasi yake kwa bahati nasibu, na zile zilizogongana hurudia katika raundi inayofuata, mambo ambayo hufanyika kwa kasi kiasi kwamba mamia ya lebo huweza kusomwa katika sekunde moja. Ndiyo tofauti kubwa kati ya lebo hii na msimbopau, ile michirizi myeusi iliyo kwenye pakiti za sabuni na unga. Msimbopau lazima uonekane na usomwe mmoja baada ya mwingine, ilhali lebo ya redio husomwa hata ikiwa upande usioonekana, na husomwa kutoka umbali wa mita kadhaa ikiwa ni ya yale masafa ya juu yanayotumiwa maghalani, yaani kati ya megahezi 860 na 960.

Jambo hili linafaa kurudiwa ili lieleweke vizuri: lebo hubeba namba, kisomaji huisikia namba hiyo, na programu huipa namba maana. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyosalia havina faida.

Wasikilizaji wapenzi, hadi hapa mambo yanaonekana mepesi, lakini ghala la chai lina jambo lake la pekee ambalo muuzaji wa vifaa hivi asipoulizwa huenda asilitaje. Mawimbi ya redio ya masafa hayo yana maadui wawili, maji na madini. Maji huyameza, madini huyarudisha. Kwa upande wa maji, chai ni mzigo mwema, kwa kuwa imekaushwa hadi unyevu umebaki asilimia chache tu, kwa hiyo lebo husomeka vizuri kuliko kama ingebandikwa kwenye kreti za maziwa, mikungu ya ndizi za Kisii au magunia ya viazi. Kwa upande wa madini, hali ni tofauti. Gunia la chai la karatasi hutengenezwa kwa tabaka kadhaa, na tabaka la ndani kwa kawaida huwa na karatasi nyembamba ya alumini, ambayo kazi yake ni kuzuia unyevu na harufu zisiifikie chai. Alumini hiyo inayoilinda chai ndiyo inayoyazuia mawimbi. Lebo ya kawaida ikibandikwa bapa juu ya gunia kama hilo, antena yake hulala karibu mno na alumini na kushindwa kufanya kazi, na magunia yakipangwa juu ya mengine, yale ya katikati ya rundo huwa yamezungukwa na kuta za madini pande zote.

Je, ina maana kwamba teknolojia hii haifai kwa chai? La hasha. Ina maana kwamba ni lazima ifikiriwe upya kwa ajili ya chai. Lebo inaweza kushonwa kwenye ukingo wa mdomo wa gunia, ili isimame nje ya tabaka la alumini kama kibendera, au inaweza kuwekewa pedi nyembamba inayoitenga na madini. Njia iliyo rahisi zaidi, na ambayo kwa maoni ya mazungumzo haya ndiyo ya kuanzia, ni kuiweka lebo kwenye paleti, yaani jukwaa la mbao ambalo magunia kadhaa hupangwa juu yake ili foklifti iyabebe kwa pamoja. Paleti ni ya mbao, haina alumini, na hutumika tena na tena, hivyo lebo moja imara huhudumu kwa muda mrefu. Programu ikishaambiwa kwamba paleti fulani imebeba magunia ya kiwanda fulani, ya gredi fulani na ya tarehe fulani, basi kila paleti inapopita mlangoni hujulikana ni magunia gani yamepita.

Mwendo huu wa kuanzia kwenye paleti umewahi kujaribiwa kwingineko kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2003 kampuni ya Walmart ya Marekani iliwataka wauzaji wake wakubwa mia moja waanze kuweka lebo za redio kwenye paleti na makasha ifikapo Januari 2005. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Arkansas katika maduka ya kampuni hiyo ulionyesha kuwa bidhaa zilizokosekana rafuni zilipungua kwa asilimia 16. Hata hivyo mpango wenyewe ulikwenda polepole kuliko ilivyotangazwa, kwa sababu wauzaji walibebeshwa gharama ya lebo huku faida ikionekana zaidi upande wa duka. Fundisho hilo linaigusa Kebirigo moja kwa moja: ikiwa kiwanda cha wakulima ndicho kitakachonunua lebo, na mwenye ghala au mnunuzi ndiye atakayefaidi hesabu safi, basi lazima gharama igawanywe kwa haki tangu mwanzo.

Na sasa ni vyema kulitazama ghala la Mombasa kwa ukaribu, kwa sababu ndiko uzito wa jambo hili unakoonekana. Mnamo Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 za Marekani kwa kilo kwa chai ya viwanda vya KTDA mnadani. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini chai nyingi ambayo wanunuzi hawakukubali kuilipia bei hiyo ilirudi kukaa, na marundo ya chai isiyouzwa yakakua ndani ya maghala, jambo lililoviumiza hasa viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, vikiwemo vya Kisii na Nyamira, ambavyo chai yao kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko ile ya eneo la Mlima Kenya. Bei hiyo ya chini iliondolewa baadaye.

Chai si dhahabu. Haikai ghalani miaka bila kubadilika. Hewa ya pwani ina unyevu, gunia lililofunguliwa kwa sampuli huvuta unyevu huo, na taratibu chai hupoteza uchangamfu wake, kwa hiyo chai ya zamani inapaswa kutoka kwanza. Katika ghala lililojaa hadi darini, ni nani anayejua kwamba magunia ya miezi mingi iliyopita yako safu ya nyuma, chini ya yale yaliyofika wiki jana? Karani anaweza kujua, endapo hajahamishwa au hajastaafu. Lakini palipo na lebo na programu, mfanyakazi hutembea kati ya safu akiwa na kisomaji cha mkononi, na katika muda mfupi orodha huonyesha kila paleti, kiwanda chake na umri wake. Hapa ndipo teknolojia hii ingemsaidia mkulima wa Kebirigo zaidi, kuliko hata katika kuzuia wizi, kwa kuwa gunia lililozeeka ghalani halionekani katika ripoti yoyote ya wizi, lakini bei yake imekwisha kuliwa na muda.

Afrika Mashariki si mgeni wa ufuatiliaji wa aina hii. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena zinazopita kutoka bandari ya Mombasa, ambapo kontena hufungwa kwa lakiri ya kielektroniki inayotoa taarifa ya mahali ilipo, na lori likiacha njia au lakiri ikiguswa, maofisa hupata onyo. Lakiri hizo ni ghali na zina betri, tofauti na lebo ya senti chache za dola inayozungumziwa leo, lakini msingi ni uleule wa mzigo kujieleza wenyewe. Ikiwa kontena la mfanyabiashara linaweza kujulikana liliko kutoka Mombasa hadi Kigali, hakuna sababu ya magunia ya wakulima wa Nyamira kutojulikana yaliko ndani ya chumba kimoja.

Pamoja na hayo, ni wajibu kusema wazi yale ambayo teknolojia hii haiwezi. Mwaka 2024 Wakenya walisikitishwa na habari za mbolea isiyofikia viwango iliyowafikia wakulima kupitia mpango wa ruzuku. Je, lebo ya redio ingeizuia? Lebo ingeweza kuonyesha gunia lilitoka ghala gani na lini, na hilo lingerahisisha kuyatafuta na kuyarudisha magunia yote ya kundi hilo, lakini chipu haionji wala haipimi. Lebo halali ikibandikwa kwenye gunia la mchanga, kisomaji kitalitambua kama gunia halali. Maabara na mkaguzi hubaki na kazi zao. Vivyo hivyo lebo haipandishi bei ya chai mnadani, wala haifuti tofauti ya bonasi kati ya magharibi na mashariki ya Bonde la Ufa, kwani tofauti hiyo ina mizizi yake katika ubora wa majani, soko na usimamizi. Inachofanya ni kuondoa swali moja miongoni mwa maswali mengi, yaani swali la mzigo ulienda wapi, ili yaliyosalia yajadiliwe bila kisingizio.

Vipi kuhusu kazi za watu? Wapo makarani na vibarua watakaohofia kwamba mashine imekuja kuchukua mkate wao, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Magunia bado yatabebwa, yatapangwa na kukaguliwa na watu, na lebo zitashonwa na watu. Kitakachobadilika ni kazi ya karani, ambaye ataacha kuchora vijiti na kuanza kufuatilia tofauti zinazotokea, na hilo linahitaji afundishwe mapema, kabla vifaa havijafungwa. Ghala linalonunua visomaji na kuwaacha makarani wake gizani litaishia kuwa na madaftari mawili yasiyokubaliana.

Kuna mambo madogo pia ambayo huangusha miradi mikubwa. Umeme ukikatika, kisomaji hunyamaza, kwa hiyo lazima pawe na betri ya akiba na programu inayohifadhi kumbukumbu hata mtandao unapopotea. Kisomaji kilichowekewa nguvu kupita kiasi husoma hata paleti zilizosimama tu karibu na mlango na kuzihesabu kuwa zimetoka, hivyo antena lazima zielekezwe kwa uangalifu na kupangwa kwa jozi, ili ijulikane mzigo unaingia au unatoka. Masafa yanayotumiwa lazima yawe yale yanayoruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kisomaji kimoja cha mlangoni hugharimu zaidi ya dola elfu moja, na ndiyo sababu ni busara kuanza na mlango mmoja wa ghala moja, kulinganisha hesabu ya mashine na hesabu ya mikono kwa msimu mzima, kisha kuamua kwa ushahidi.

La mwisho katika mazungumzo haya, na ndilo zito kuliko yote, ni nani atakayeiona kumbukumbu hiyo. Mfumo unaoweza kutaja kila paleti, lakini ambao taarifa zake hubaki katika kompyuta ya mwenye ghala pekee, utamfaa mwenye ghala. Mfumo ambao taarifa zake hurudi kiwandani kila mwezi, zikionyesha ni magunia mangapi ya chai ya Kebirigo yamo ghalani, ya gredi gani na ya umri gani, utamfaa mwenye mali. Vifaa ni vilevile katika hali zote mbili, na tofauti yote imo katika mkataba.

Kwa hiyo wito kwa wanahisa wa viwanda vya chai vya Nyamira na Kisii ni huu: katika mkutano mkuu ujao wa kiwanda, mbali na kuuliza bonasi itakuwa kiasi gani, waulizeni wakurugenzi mliowachagua, kwa upole na kwa msimamo, chai yenu iliyo Mombasa leo ni magunia mangapi, la zamani zaidi kati ya hayo limekaa ghalani kwa miezi mingapi, na ni kumbukumbu gani inayothibitisha jibu hilo.